Baraza Yangu ya Digrii Tisini

Nina diploma. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu wote wanaonijua hapa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, walilisikia mwanzoni, na sioni kwa nini msomaji apewe nafuu. Niliipata Mombasa kwa jasho langu mwenyewe, mchana nikibeba magunia, jioni nikisoma. Niliporudi nyumbani niliishika mkononi safari nzima, ndani ya bahasha ya plastiki, sanduku la nguo nikamwachia utingo. Sasa imetundikwa sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Nilijaribu viti vyote kabla ya kupigilia msumari.

Diploma ya nini, hilo watu hawaulizi. Ukilitamka neno lenyewe kwa sauti iliyoshiba, mtu anatikisa kichwa kwa heshima kisha anaulizia bei ya samaki huko utokako. Sikumdanganya mtu. Angeuliza ningemjibu. Ila sikuona sababu ya kumchosha mtu kwa maelezo ambayo hakuyaomba.

Kitu cha pili nilichorudi nacho ni nia ya kujenga nyumba yenye kona nne. Boma letu liko nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda Kuluba, na nyumba zake zote zilikuwa za duara. Duara ni umbo jema. Unachomeka kigingi, unafunga kamba, unazunguka, umemaliza, na hapo hakuna aliyehitaji kwenda Mombasa. Mimi nikasema nitajenga mstatili. Nilipolitamka neno hilo mbele ya baba yangu mdogo, aliniuliza kama nimeshakwenda kuonwa hospitali.

Siku ya kupima msingi nilikusanya watu. Uzi wa kwanza niliuvuta sambamba na barabara, maana nyumba ya mtu aliyetoka mbali inapaswa kuwatazama wapitao, na wapitao waitazame. Nilipoanza uzi wa pili, baba mdogo akaja na fimbo yake. Upande wa kushoto wa pale kuna kaburi la baba yangu, limesakafiwa kwa saruji kama makaburi mengi ya kwetu. Siku za jua wanawake huanika ufuta na mihogo juu yake, na jioni tunakaa hapo kuzungumza, baba akiwa chini yetu. Baba mdogo alisema ukuta wa pembeni lazima utembee pamoja na kaburi.

"Usimwelekezee baba yako ncha ya ukuta," alisema. "Nani analala vizuri kisu kikimtazama?"

Nikasogeza vigingi, ukuta ukatembea na kaburi, na baba mdogo akaridhika. Barabara nayo haikulalamika. Kisha nikapima upande wa mbele na wa nyuma: sawa. Wa kushoto na wa kulia: sawa. Nikawatangazia waliokuwepo kwamba pande zinazotazamana zikilingana kazi imekwisha, na nikawaeleza maana ya "sambamba" mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyevuta kamba kutoka kona hadi kona. Mwenye diploma alikuwa ameshasema inatosha.

Nyumba ikasimama. Ni kweli kwamba mabati yalipofika juu, ya mwisho yalibidi yakatwe mshazari, nikalilaumu duka. Ni kweli kwamba vigae vya sakafu viliishia ukutani kwa vipande vilivyoanza vinene na kumalizika vyembamba kama ncha ya kisu, nikakilaumu kiwanda. Baraza ya mbele, ambayo ndiyo fahari yangu, niliipaka rangi nyekundu na kuing'arisha kwa nta mpaka wageni wakawa wanavua viatu bila kuambiwa.

Basi ikasikika kwamba chuo kimoja cha ufundi kule Arua kitapokea wanafunzi wa ujenzi, hata watu wazima walioacha shule zamani, mradi wafaulu jaribio la kuingilia. Na ndani ya jaribio kuna jiometri. Jumapili moja, baada ya ibada, mtu akauliza kama hapa kuna anayeweza kufundisha jiometri kwa wasioijua kabisa. Nilikuwa nimesimama kabla swali halijaisha.

Vifaa nilikuwa navyo. Mombasa nilinunua, kwa mwalimu aliyestaafu, bikari kubwa ya mbao ya kuchorea ubaoni, skwea yenye urefu wa mkono, na kipimapembe cha mbao kikubwa kama sinia la pilau. Kwa nini mtu mwenye diploma kama yangu anunue vitu hivyo, mke wangu aliuliza wakati ule na bado anauliza. Nilivinunua kwa sababu mwanamume akivibeba njiani anapishwa.

Walikuja wanafunzi wanne. Ndugu wawili, Wanubi wa mjini, wanaochomelea mageti na madirisha. Mama mmoja wa kutoka Adumi, upande wa Arua, aliyeolewa huku kwetu, aliyekuja kwa sababu mumewe alimwambia hataweza. Na mama mmoja kutoka Sudan Kusini, muuza mashuka ya mitumba katika soko la Koboko. Huyu wa mwisho ndiye aliyelitaka jambo lenyewe. Alisema amejengewa nyumba tatu maishani mwake na zote tatu amezikimbia. Ya nne anataka kuijenga mwenyewe, ili akiikimbia ajue anachokiacha. Dada yake alikubali kumshikia meza ya sokoni na watoto muda wote wa masomo ya chuo, lakini ni safari hii tu, maana baadaye dada angerudi Yei, ng'ambo ya mpaka, kwa mumewe. Kwa hiyo lilikuwa jaribio hili au basi. Mambo hayo yote aliniambia siku ya kwanza, amesimama, kama mtu anayetaja bei na hataki kupunguza.

Tulisoma jioni, barazani kwangu, kwa Kiswahili, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo kila mmoja wetu aliiokota njiani. Changu nilikiokota pwani, kwa hiyo walinisikiliza kwa subira, kama watu wanavyosikiliza redio ya jirani.

Somo la kwanza ni nukta. Niliwaambia nukta ni mahali tu, haina ukubwa wowote. Nikagusa ubao kwa chaki.

"Hiyo iko na ukubwa," akasema yule ndugu mkubwa.

"Hii ni picha yake tu."

"Yenyewe iko wapi?"

"Haionekani."

"Wewe naifundisha na hujaiona?"

Nikahamia kwenye mstari. Nikasema mstari una urefu lakini hauna upana, na hauna mwisho upande huu wala upande ule. Mama wa Adumi akaguna. Wale ndugu wakatazamana. Niliona macho yao yakiondoka mmoja mmoja na kwenda kumtazama kuku aliyekuwa akipita. Ndipo muuza mashuka akasema, "Ni mpaka."

"Unasema?"

"Hiyo mstari yako ni mpaka. Hapana na upana, lakini mutu nasimama siku nzima kwa kuipita."

Wote wakacheka, na wote wakaelewa. Tangu siku hiyo mstari naufundisha hivyo, na huwa simtaji aliyesema.

Tukaenda hivyo majuma kadhaa. Pembe kali, pembe butu, pembetatu. Nitasema ukweli: nilifundisha vizuri. Nilipochora duara kubwa kwa ile bikari, mkono mmoja nyuma ya mgongo, hata waliokuwa wakipita barabarani walisimama. Mama wa Adumi aliniuliza kama duara linatoka zuri zaidi mkono ukiwa nyuma. Nikamwambia linatoka na heshima.

Kisha likaja somo la pembe mraba, ile ya digrii tisini, ambayo bila hiyo hakuna ujenzi. Nilikuwa nimeliandaa kwa hotuba. Nikawaambia wanafunzi wa mahali pengine hufundishwa kwa picha, lakini wao wana bahati, kwa kuwa wameketi juu ya mstatili ulio safi kuliko yote Koboko, yaani baraza hii. Kila mmoja achukue kipimapembe, aende kwenye kona ya kushoto, apime, aje asome jibu mbele ya wenzake. Nilitaka walione jibu hilo kwa macho yao wenyewe. Nilitaka pia, sitaficha, kulisikia likitajwa mara nne.

Ndugu mkubwa akapiga magoti, akapima, akakaa kidogo, akanitazama, akarudi. "Tisini."

Ndugu mdogo akapima. "Tisini," akasema, akitazama vidole vya miguu yake.

Mama wa Adumi alikwenda na kurudi haraka. "Tisini kabisa."

Muuza mashuka akapiga magoti. Akaweka kipimapembe, akakiondoa, akafuta vumbi kwa kanga yake, akakiweka tena. "Mwalimu, hii kona iko themanini na sita."

"Rudia."

Akarudia. "Themanini na sita."

"Umeweka katikati ya kipimapembe penye kona yenyewe?"

"Nimeweka."

"Basi ni jicho lako."

"Jicho yangu iko mbili, mwalimu. Zote naona themanini na sita."

Ndugu mdogo alikohoa kwa namna ya mtu anayemeza kicheko. Mimi nikakichukulia kuwa kicheko cha kumcheka yeye. Nikamweleza mama yule, kwa upole niliodhani ni upole, kwamba wenzake watatu wamepata tisini, kwamba nyumba hii ilipimwa na mtu mwenye diploma, na kwamba fundi asiyeweza kusoma kona anawajengea watu kaburi. Nikaongeza kwamba chuo kilekile kina kozi ya ushonaji, na kitambaa, tofauti na tofali, huwa kinasamehe.

Akakiweka kipimapembe juu ya kiti, taratibu, kama anarudisha mtoto wa mtu. Akapangusa magoti. "Haya," alisema, akaenda zake.

Kipindi kilichofuata hakuja. Jaribio la Arua lilikuwa limebakiza siku chache. Nilimuuliza mama wa Adumi, ambaye hununua kwake.

"Haendi Arua," alisema. "Dada yake nafunga vitu, narudi Yei mapema."

"Kwa nini haendi?"

"Anasema nyumba iko na kona nne. Mutu akishindwa na moja, hizo tatu anaenda kutafuta nini?"

Nililalamika kwa mke wangu jioni ile. Nikamwambia ni huzuni kuona mtu mwenye kichwa kizuri vile akikosa jicho. Mke wangu alikuwa akifagia. Alipomaliza alikwenda kwenye kabati la vyombo na kulichomeka fagio kati ya kabati na ukuta, likasimama lenyewe.

"Unajua kwa nini fagio linakaa hapa?" aliuliza.

"Kwa sababu ndipo mahali pake."

"Kwa sababu kabati haligusi ukuta. Nyuma linagusa, mbele linaachia. Tangu tulipohamia."

"Kabati limepinda."

"Mabati yalipinda. Vigae vikapinda. Kitanda ulikirudisha kwa seremala, akakuambia hakijapinda, ukasema seremala ndiye aliyepinda. Baba watoto, Koboko nzima imepinda, umenyooka wewe peke yako."

Nikamwambia chakula kilikuwa kizuri. Alisema bado hajapika.

Kesho yake, saa ya jua kali ambapo hakuna mtu barabarani, nilitoka na kipimapembe changu. Sikwenda barazani. Kwanza nilitaka kuhakikisha kwamba kifaa chenyewe hakijaharibika, maana mbao ya pwani ikiletwa juu huku hukauka, na hilo lingeeleza kila kitu. Nilihitaji kona isiyo na ubishi. Nikatazama huku na huku katika boma lile la duara, na kona pekee nyingine niliyoiona ilikuwa ya kaburi la baba. Nikasukuma mihogo ya mke wangu pembeni, nikapima.

Tisini. Nikapima kona ya pili. Tisini. Zote nne. Baba yangu hakuingia darasani hata siku moja, na amelala ndani ya mstatili ambao mwalimu yeyote angeuchora kitabuni.

"Unapima nini hapo?" Ilikuwa sauti ya baba mdogo, ametoka kusikojulikana, fimbo mkononi. "Nani anataka kuingia?"

"Najaribu kifaa, baba."

"Jaribu kwako. Mwache mwenzio apumzike."

Nikaenda kujaribu kwangu. Themanini na sita. Nikahamia mwisho wa pili wa baraza: tisini na nne. Mtu aliyefundisha majuma yote yale hakuhitaji zaidi, lakini mimi nilitafuta kamba, kwa sababu moyo wa mtu mwenye fahari hauamini mpaka ufungwe kamba. Nikaivuta kutoka kona ya kushoto mbele hadi ya kulia nyuma, nikatia fundo. Kisha nikaivuta kwenye kona zile nyingine mbili. Katika mstatili wa kweli fundo lingefika palepale. Langu lilipita, na kamba iliyobaki ingetosha kumfunga kuku mguu. Kuku mwenyewe alikuwa amesimama hapo akisubiri kuona nitafanya nini.

Baba mdogo naye alikuwa akitazama. Nikamweleza: barabara inakwenda hivi, kaburi limelala hivi, na mimi niliwaheshimu wote wawili, na kona ndiyo iliyolipa. Nyumba yangu si mstatili. Ni msambamba, umbo lililoegama, kama sanduku la kadibodi ukilisukuma kwa bega.

"Itaanguka?" aliuliza.

"Haitaanguka."

"Mvua inaingia?"

"Haiingii."

"Basi tatizo liko wapi?"

Tatizo lilikuwa sokoni, linauza mashuka, na basi la kwenda Arua lilikuwa limebakiza siku mbili. Ningeweza kunyamaza. Tena nilianza kunyamaza, na nilikuwa nikilifanya vizuri. Lakini jioni walikuja wale ndugu wawili na mama wa Adumi kwa kipindi cha mwisho, nikajikuta nimewauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama kweli waliona tisini.

Ndugu mkubwa akamtazama mdogo wake. "Sisi pia naona themanini na sita, mwalimu."

"Mbona mlisema tisini?"

"Nyumba ni yako. Mutu hapana vua viatu kwa nyumba ya mutu, anakanyaga, halafu nasema iko pinda."

"Na wewe, mama?"

"Mimi hapana pima," alisema mama wa Adumi. "Mimi naangalia uso yako."

Darasa langu lote, basi, lilikuwa limepima heshima, na heshima kwetu ni digrii tisini daima. Mmoja tu alikuwa amepima kona. Huyo ndiye niliyemshauri akashone.

Asubuhi nilikwenda sokoni. Nilibeba kipimapembe begani na kamba mkononi, ili waonao wadhani ni ziara ya kikazi. Nilimkuta akikunja shuka, kona juu ya kona, akiinyoosha kwa kiganja. Hakuniambia karibu.

"Mama," nilianza, "nimefanya uchunguzi. Kuna uwezekano kwamba ardhi ya upande ule, kwa sababu ya mvua za mwaka jana, ikawa imesogea kidogo…"

Akaendelea kukunja.

"Au kwamba saruji, ikikauka, huwa na tabia ya kuvuta…"

"Mwalimu. Ile kona iko ngapi?"

Nikamtajia kwa sauti ndogo.

"Kule kwa samaki hawasikii."

"Themanini na sita," nikasema.

Muuza samaki mmoja akageuka akamuuliza mwenzake ni themanini na sita kilo au nini. Mwenzake akamwambia, ni yule Bwana Diploma wa barabara ya Kuluba, mwache amalize.

"Na jicho yangu?"

"Zima."

"Zote mbili?"

"Zote mbili, mama. Wenzako waliona ulichokiona. Walinionea haya. Wewe peke yako ulipima."

Aliliweka shuka juu ya mengine. Akatazama upande wa pili wa meza ambako dada yake alikuwa amefunga mzigo wa safari kwa kamba ya katani. Wakasemezana kwa lugha yao. Ilionekana kwangu kwamba dada alikasirika, kisha akachoka kukasirika. Alikaa juu ya mzigo na kuanza kuufungua fundo moja moja.

"Kamba hiyo ni ya nini?" muuza mashuka akaniuliza.

Nikamwambia ni ya kona kwa kona, somo ambalo sikuwa nimelifundisha kwa sababu sikuwahi kulitumia. Tukalifanya palepale. Mashuka ya mitumba ni kitu kizuri kwa somo hilo, maana mengine yamevutwa na kufuliwa mpaka pande zake zinalingana na kona zake hazilingani. Tulitandaza moja baada ya jingine juu ya meza, tukavuta kamba, na alinitajia lipi ni mstatili na lipi ni nyumba yangu. Ndivyo alivyoliita umbo hilo. Wauza samaki nao wakalishika jina.

Nilimsindikiza Arua. Nilisema nina shughuli zangu huko. Mlangoni mwa chuo alisimama mlinzi, na kwa kuwa hakuruhusu wasiofanya jaribio kuingia, ilinibidi nimweleze mimi ni nani. Nikamwambia ni mwalimu wa mmoja wa watahiniwa, na kwamba nina diploma.

"Diploma ya nini?" aliuliza.

Miaka yote ile, na watu wote wale, na lililokuja kuuliza ni lango la Arua.

"Ya kupanga maghala," nikasema.

"Hiyo nayo inasomewa?"

"Miaka miwili."

Akafikiri. "Basi panga hapo kwenye kivuli," alisema, akinionyesha benchi.

Nilikaa mpaka mchana ukageuka. Muuza mashuka alipotoka, hakukimbia wala kutabasamu. Alikuja akaketi, akavua kiatu kilichokuwa kikimbana, ndipo akanisimulia. Baada ya maswali ya karatasi, walipelekwa uwanjani mmoja mmoja. Vigingi vinne vimechomekwa ardhini, na mtahini akauliza: hii msingi iko sawa, tujenge? Aliyemtangulia alipima pande nne, akakuta zinalingana kama inavyotakiwa, akasema iko sawa. Yeye alipima pande nne, akakuta zinalingana. Akasimama.

"Nikakumbuka nyumba yako," alisema. "Nikaomba kamba."

"Na kamba ikasema nini?"

"Mtahini aliuliza hivyohivyo. Nikamwambia, bwana, hii msingi ikijengwa, fagio itakaa nyuma ya kabati."

Sijui ni lini mke wangu alimweleza habari za fagio. Inaonekana kila mtu alikuwa anazijua.

Jina lake lilibandikwa kwenye ukuta wa chuo kabla ya mwezi kuisha. Dada yake akabaki Koboko kama alivyoahidi, na mashuka yanauzwa, ingawa dada hapunguzi hata shilingi na wateja wanamlilia yule wa kwanza. Wale ndugu wawili nao walifaulu. Mama wa Adumi alishindwa kwa alama chache, akasema mumewe alikuwa sahihi nusu, na kwamba nusu iliyobaki atamwonyesha safari ijayo.

Likizo ya kwanza, muuza mashuka alikuja kwangu na wanafunzi wenzake kutoka chuoni, wengine ni vijana wa umri wa kuwa wanawe. Hawakuja kunisalimu. Walikuja na kamba. Walivua viatu, wakaipima baraza yangu kona kwa kona, wakaandika, wakanitazama kwa huruma ya watu waliosoma. Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya kaburi akila karanga. Akamuuliza mama yule, kwa kuwa sasa ni fundi, dawa ya nyumba hii ni nini.

"Iko mbili, baba," alisema. "Mutu ahamishe barabara, ama ahamishe mzee."

Baba mdogo akatafuna, akafikiri. "Barabara ni ya serikali," alisema. "Na mzee amelala vizuri."

"Basi ikae hivyo."

Imekaa hivyo. Darasa la pili limeshaanza, nalo lina watu kumi na mmoja, wengine wanatoka mbali kwa sababu wamesikia. Somo la pembe mraba nalifundisha barazani, kama zamani, na hotuba ileile: kwamba wameketi juu ya mstatili safi kuliko yote Koboko. Kisha nawapa kipimapembe, nakaa, nakunja uso wa mtu mwenye diploma, na kusubiri mmoja wao anibishie. Wa kwanza kusema themanini na sita namkaribisha chai. Waliosema tisini hufagia, na fagio wanaonyeshwa lilipo.

Nimeulizia huku na huku, Arua mpaka Vurra. Hakuna mwalimu mwingine wa jiometri katika eneo zima la West Nile mwenye kielelezo kikubwa kama changu, tena chenye vyumba vitatu.